FIMBO YA PULI: ICHAGUE KAMA UNAVYOCHAGUA MPINI



Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Maana yake twaijua: mvivu husingizia zana. Lakini wahenga hao hao hawakusema kwamba mkulima alime kwa jembe lenye mpini uliopinda. Mkata miwa analijua panga lake hata gizani. Fundi wa kiwandani hakubali kukabidhiwa spana iliyolegea meno. Leo tunataka kuzungumza juu ya zana nyingine, ambayo si ya kazi bali ni ya mapumziko. Nayo ni fimbo ya kuchezea puli.

Huenda msomaji akauliza, jarida la chama lina habari gani na puli? Jibu ni kwamba mchezo huu uko mlangoni petu. Hapa Uganda, kuanzia Jinja na Lugazi kwenye viwanda na miwa, hadi Fort Portal na Bushenyi kwenye mashamba ya chai, ni shida kupita kituo cha biashara usione meza ya kitambaa cha kijani chini ya paa la mabati. Nchi ina chama cha taifa cha mchezo huu na ligi yake. Wanaume wanacheza, na dada zetu wanacheza. Wako wakubwa wanaopenda kusema kwamba puli ni mchezo wa wazembe, hasa wakimwona kijana amesimama mezani saa nne asubuhi. Hawamwulizi kama ametoka zamu ya usiku. Sisi tunasema kwamba mtu aliyemaliza saa zake za kazi ana haki ya kupumzika apendavyo. Saa hizo za mapumziko hazikuanguka kutoka mbinguni, wafanyakazi walizidai. Linalotuhusu ni kwamba zisigeuzwe kuwa mlango wa kuwanyang'anya mshahara.

MWISHO WA MWEZI KAMBINI

Jambo hili tumeliona katika kambi moja ya chai, na baadaye katika nyingine. Mishahara ikishatoka, huja watu wawili watatu kutoka mjini kwa pikipiki, kila mmoja na mfuko mrefu mgongoni. Ndani ya mfuko mna fimbo. Mchuma chai yeye hucheza na fimbo ya meza, ile iliyokwisha ngozi, iliyopinda, iliyofungwa utepe wa nailoni katikati. Mgeni humwachia ashinde mara mbili kwa dau dogo. Dau likishapanda, fimbo iliyonyooka huanza kazi yake.

Tunamjua baba wa watoto wanne aliyerudi nyumbani usiku wa namna hiyo bila hela ya unga. Siku ya pili tulipokaa naye hakulalamika. Alisema tu, "Yule bwana anajua kupiga." Ni kweli alijua kupiga. Lakini tulipoichukua ile fimbo ya meza tukaiviringisha juu ya sakafu ya simenti, iliruka-ruka kama panzi. Ndugu yetu alikuwa ameshindana na watu wawili: mgeni mbele yake, na fimbo mkononi mwake.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni fupi. Usiweke mshahara mezani. Hakuna fimbo ya kumwokoa mtu na kamari. Shauri la pili ndilo la makala hii: kama unaupenda mchezo, pata fimbo nzuri ya kwako au ya tawi lenu, na usidanganywe unapoinunua. Maana wako wanaoliwa mezani, na wako wanaoliwa dukani.

KWANZA PIMA MIPIRA

Fimbo hununuliwa kwa kufuata meza. Mipira ya puli iko ya namna mbili kubwa. Iko midogo yenye kipenyo cha kama milimita 51, ambayo mara nyingi ni myekundu na ya manjano pamoja na mmoja mweusi. Na iko mikubwa ya Kimarekani, yenye namba na mistari, ambayo kipenyo chake ni kama milimita 57. Huna kipimo? Chukua uzi, uzungushe mpira mahali palipo panene, kisha upime uzi huo kwa rula. Ukipata kama sentimita 16, mipira ni midogo. Ukipata kama sentimita 18, ni mikubwa.

Kwa mipira midogo tafuta fimbo nyembamba nchani, ya kama milimita 8 hadi 9 na nusu. Kwa mipira mikubwa ncha huwa nene, milimita 12 hadi 13. Wauzaji wengi hawatakueleza hili. Watakupa iliyopo. Ukipiga mpira mdogo kwa ncha nene, huoni vizuri mahali unapougusa. Ukipiga mpira mkubwa kwa ncha nyembamba, kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa mezani.

Uangalie pia mpira mweupe. Katika meza nyingine za kutumbukiza sarafu, mweupe ni mdogo kidogo kuliko wenzake ili mashine iutenge na kuurudisha. Huo ni mwepesi, na mkono wako lazima uujue. Si kosa la fimbo.

MTI NI MTI

Usiingie dukani kama mgeni. Mtu aliyewahi kwenda porini kukata mpini wa shoka anajua mambo mengi ya fimbo kuliko anavyodhani.

Fimbo nzuri za mipira midogo kwa kawaida hutengenezwa kwa mti wa Ulaya au Amerika uitwao ashi. Utautambua kwa mistari yake meusi juu ya mti mweupe, ambayo karibu na ncha hukutana kama vichwa vya mishale. Fimbo za Kimarekani hutengenezwa zaidi kwa mti wa mepo, ambao ni mlaini machoni na mistari yake haionekani sana. Fimbo nyingi za bei ya chini ni za ramini, mti wa Asia ya Kusini-Mashariki. Ramini ni mwepesi na si mgumu kama ashi, lakini mwanafunzi wa mchezo anaweza kuanza nao ikiwa umenyooka.

Itazame mistari ya mti kama unavyoitazama kwenye mpini. Mistari ifuate urefu wa fimbo, kutoka kitakoni hadi nchani. Ikiwa inakatiza na kutokea ubavuni, mti huo utapinda au kuvunjika hapo hapo. Kamba hukatikia pabovu. Tazama pia kama kuna fundo la tawi. Fundo katika robo tatu za mbele ni sababu ya kuirudisha fimbo kwa mwenyewe.

Ziko fimbo zilizofunikwa kwa plastiki ngumu ya nyuzi za kioo. Hizi hazijali sana unyevu, na kwa meza ya kijijini zinafaa, ila huganda mkononi ukitoka jasho. Fimbo za alumini tunashauri mziache. Zikishagongwa zikapinda, hazirudi.

UNYOOFU NDIO ROHO YAKE

Kila kitu kingine kinaweza kusamehewa, lakini fimbo iliyopinda haisamehewi. Ipime kwa njia mbili, wala usione haya mbele ya muuzaji.

Njia ya kwanza: shika kitako, inua fimbo usawa wa jicho, funga jicho jingine, utazame mpaka nchani kama seremala anavyotazama ubao. Izungushe pole pole. Ikiwa ncha inatoka nje ya mstari kisha inarudi, imepinda.

Njia ya pili: iviringishe juu ya kaunta ya kioo, sakafu ya simenti au meza. Fimbo nyofu huviringika kimya. Iliyopinda hupanda na kushuka, na mwanga huonekana chini yake kisha hupotea. Uiviringishe kwenda, halafu igeuze uiviringishe kwa upande wa pili, ili usije ukailaumu fimbo kwa kosa la sakafu. Kama ni ya vipande viwili, pima kila kipande peke yake, kisha uunganishe, kisha upime tena. Vipande viwili vinyoofu vinaweza kuzaa fimbo iliyopinda ikiwa kiungo kimetobolewa vibaya.

UZITO NA UREFU

Fimbo ya watu wazima huwa na urefu wa kama sentimita 145 hadi 147. Ukiisimamisha mbele yako, ncha ifike kati ya bega na kidevu. Mtu mfupi anaweza kupata fupi kidogo.

Uzito wa kufaa kwa mwanzo ni wakia 17 hadi 19, yaani kama gramu 480 hadi 540. Nyie mnaofungasha sukari na chai mnaujua uzito huo: ni kama pakiti ya nusu kilo. Kama duka lina mzani, ipime. Fimbo nyepesi mno huyumba mkononi, na nzito mno hupiga kwa nguvu ambayo hukuikusudia. Halafu iweke juu ya kidole kimoja mpaka isimame sawa bila kuanguka. Mahali hapo pawe kama sentimita 40 hadi 45 kutoka kitakoni, au mbele kidogo kwa fimbo ya Kimarekani. Ikiwa uzito wote uko nyuma kabisa, ncha itaruka juu unapopiga.

KIPANDE KIMOJA AU VIWILI?

Kwa fedha ndogo, fimbo ya kipande kimoja mara nyingi hukupa mti mzuri zaidi kwa bei ile ile, kwa sababu hulipii skrubu wala kazi ya kiungo. Ubaya wake ni safari. Kwenye bodaboda au matatu itavunjika, au itamchoma mwenzako. Kwa hiyo kipande kimoja ni cha mtu ambaye meza yake iko pale pale kambini. Anayesafiri kwenda kucheza anunue ya vipande viwili.

Kiungo nacho kichunguzwe. Skrubu iwe ya shaba au chuma, isiwe plastiki. Ikikazwa, vipande vikutane bila nafasi hata ya karatasi. Gonga kitako polepole sakafuni usikilize. Ukisikia mlio wa kutetema kama nyuki ndani ya mkebe, kuna kitu kimelegea.

NGOZI NDOGO, KAZI KUBWA

Inasimuliwa kwamba aliyeikamilisha ncha ya ngozi ni Mfaransa mmoja, Kapteni François Mingaud, alipokuwa mfungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo watu walikuwa wakipiga kwa mti mtupu, na mpira ulikuwa ukiteleza wapendavyo shetani na bahati. Ngozi hiyo ndogo kama kifungo cha shati ndiyo iliyompa mchezaji uwezo wa kuuamuru mpira usimame, urudi au uzunguke.

Basi usiitazame rangi ya kitako kabla hujaitazama ngozi. Ngozi iwe imegundishwa juu ya pete ya shaba au ya plastiki ngumu, na pete hiyo isitikisike. Ngozi za kukaza kwa skrubu na zile za kuvika kama kofia ziache, kwa sababu hulegea upesi.

Fimbo ya bei ndogo karibu kila mara huja na ngozi mbaya. Hilo lisikuvunje moyo, maana ngozi mpya ni bei ndogo na kazi yake unaweza kuifanya mwenyewe. Toa ngozi ya zamani kwa wembe. Kwangua gundi yote mpaka pete iwe safi na bapa. Paka msasa chini ya ngozi mpya. Tia tone la gundi kali, ikandamize katikati kabisa, uiache ikauke. Kisha ipindue fimbo, ncha chini juu ya ubao mgumu, ukate mabaki ya pembeni kwa wembe ukielekea chini. Malizia kwa msasa mpaka ngozi iwe na mviringo juu, kama kuba dogo. Vijana wa karakana wataifanya kazi hii kwa muda wa chai.

Chaki ipakwe kila kabla ya kupiga. Hii si chaki ya shuleni. Ile ya kisasa ilisajiliwa Marekani mwaka 1897 na Spinks na Hoskins, nayo ina mchanga laini sana unaoifanya ngozi iushike mpira. Chaki ya mwalimu itakuchafulia kitambaa na haitakushikia mpira.

KING'AACHO

Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Muuzaji atakuonyesha kitako chenye nyota, simba na majina makubwa ya ng'ambo. Pitisha ukucha juu ya mapambo hayo. Mara nyingi ni karatasi iliyobandikwa na kupakwa vanishi. Weusi wa kitako mara nyingi ni rangi, wala si mpingo. Hakuna dhambi katika rangi, ila usiilipie bei ya mpingo. Jina kubwa lililoandikwa kwenye fimbo ya bei ndogo mara nyingi ni jina tu.

FEDHA ZAKE

Tusema mchezo mmoja kwenye meza ni shilingi 500, na mtu hucheza michezo 10 kwa juma. Hizo ni shilingi 5,000. Akipunguza akacheza mitano, anabaki na shilingi 2,500 kila juma, na kwa majuma 12 anazo shilingi 30,000 ambazo hakuzitoa kwenye unga wala karo. Haba na haba hujaza kibaba. Fedha ya fimbo itoke kwenye fedha ya mchezo, isitoke kwenye sufuria. Wala usikope kwa nyapara kwa ajili ya fimbo. Deni la nyapara hulipwa mara mbili, mara ya kwanza kwa shilingi na mara ya pili kwa kunyamaza siku unayotakiwa kusema.

Fedha uliyo nayo igawe mafungu manne. Matatu ni ya fimbo. La nne ni la ngozi, chaki na mfuko. Anayemaliza yote kwenye fimbo atacheza bila chaki, na fimbo yake italala pembeni mwa ukuta.

Kulala pembeni mwa ukuta ndiko huua fimbo. Ikiegemezwa, hupinda kwa uzito wake yenyewe. Ilaze mahali bapa au itundike wima kwa ncha. Isiachwe juani, wala chini ya mabati yenye moto, wala karibu na moshi na unyevu. Ifute kwa kitambaa kikavu. Usiisugue mti wake kwa msasa kila mara, maana kila msasa unaipunguza.

FIMBO YA TAWI

Tunamalizia na lile tunalolijua kuliko yote, yaani kushirikiana. Mfanyakazi mmoja wa kibarua hawezi kununua fimbo ya ashi iliyo nzuri. Kumi wanaweza. Katika kambi moja tuliyoitembelea, wanachama kumi walichanga wakanunua fimbo mbili zilizo sawa. Tunasema mbili kwa makusudi. Fimbo moja nzuri humpa ushindi aliyeishika. Fimbo mbili zilizo sawa huwaacha wawili washindane kwa akili na mkono.

Waliandika kanuni zao kwenye daftari, nasi tunaziona zinafaa kuigwa:

1. Fimbo zinakaa kwa katibu, na anayezichukua anatia sahihi.

2. Kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kidogo cha ngozi na chaki.

3. Fimbo za tawi hazichezewi kwa dau, hata la soda.

4. Atakayevunja kwa hasira atalipa. Ikivunjika kwa bahati mbaya, wote watalipa.

5. Dada zetu wanaochuma chai wana zamu yao mezani, wala haisogezwi.

Mwisho wa mwezi uliofuata wageni wa pikipiki walikuja na mifuko yao. Walikaribishwa wacheze, kwa fimbo za tawi, bila dau. Walicheza mchezo mmoja, wakapanda pikipiki wakaenda zao.

Ndugu, fimbo ni mti, ngozi na pete ya shaba. Mti unaujua, ngozi unaijua, na shaba unaijua. Usimwache muuzaji akusahaulishe unayoyajua, wala usimwache mgeni achume jasho lako kwa sababu yeye ana zana nawe huna. Mnapokaa mkutano wa tawi mwezi ujao, baada ya mambo ya mishahara na usalama kazini, liwekeni na hili kwenye ajenda.

Umoja ni nguvu.